Kisu Ambacho Sikukifunga

Kaka wa mke wangu ndiye aliyetupokea uwanja wa ndege tulipofika London, mwishoni mwa miaka ya tisini, mimi, mke wangu na watoto wetu. Alikuja na makoti mikononi, kila mtu na lake, na la kwangu lilinifika magotini. Alituweka kwake Wembley, chumba cha juu, mpaka kaunsili, baraza la mji, ilipotupa fleti yetu wenyewe. Alituandikisha kwa daktari, akawapeleka watoto skuli, akanionesha treni gani inakwenda wapi. Kila nilipotaka kusema na Mzungu, yeye ndiye aliyekuwa mdomo wangu. Nayasema haya mwanzo kwa sababu ni kweli, na kwa sababu bila ya haya, yaliyofuata yasingeniuma vile yalivyoniuma.

Kazi pia alinitafutia yeye. Alikuwa na miaka mingi katika kampuni ndogo iliyokata majani makaburini na kwenye viwanja vya nyumba za kaunsili. Mimi Pemba nilikuwa fundi wa mashine za boti, na injini inayokunywa petroli iliyochanganywa na oili nilikuwa naijua kwa mlio wake tu. Siku ya kwanza shemegi aliponipa strima mkononi nilicheka. Ilikuwa bomba refu la chuma, injini ndogo kwa juu, na kwa chini kichwa kinachozunguka na kamba ya plastiki inayokata majani. Nikamwambia, "Hii ni mashine ya boti iliyokosa bahari." Akacheka na yeye, akamtafsiria msimamizi, Mwingereza mtu mzima mwenye masharubu ya kijivu, naye pia akacheka. Nikaona mambo yatakuwa mepesi.

Haikuchukua muda mashine zote zikawa mikononi mwangu. Hakuna aliyeniteua. Asubuhi, wenzangu wakinywa chai ndani ya gari, mimi nilikuwa kwenye kontena tulilowekea vitu nikizipanga mezani. Nilipuliza chujio la hewa, nilifungua plagi nikaisugua masizi, nilitia grisi kwenye kile kigiaboksi cha chini ambacho kila mtu alikisahau. Kisha nilifunga vichwa kulingana na kazi ya siku. Pembezoni mwa makaburi mapya tulitumia kichwa cha kamba, kwa sababu kamba hailipasui jiwe la mtu. Kwenye makaburi ya zamani, ambako miti ya miba ilikuwa imemeza kila kitu, tulivua kamba tukafunga kisu cha chuma cha meno matatu.

Hicho kisu kilikuwa na masharti yake. Nati inayokishika imekatwa kinyume, kuikaza unazungusha kushoto, na asiyejua huwa anailegeza huku akidhani anaikaza. Nati yenyewe ina ubishi ndani yake. Ikiwa mpya inagoma, inataka spana. Ikianza kuingia kwa vidole mpaka chini, imekwisha, unaitupa. Na kinga, lile bamba linalokaa kati ya kisu na miguu ya mtu, si ile ile ya kamba. Kila kichwa na kinga yake. Nilimfundisha shemegi yote haya, naye aliyashika, kwani hakuwa mjinga. Ila alikuwa mtu wa haraka, na tangu aambiwe kwamba msimamizi anakaribia kustaafu na nafasi ile huenda ikawa yake, haraka ilimzidi.

Kulikuwa na mwenzetu mwengine, Mghana, mtu mnene mpole aliyevaa kofia ya sufu hata joto likiwa kali. Mimi na yeye hatukuwa na lugha. Tulikuwa na maneno ya kazini, na "chakula", na "baridi", na "Mungu". Mchana alinikatia nusu ya ndizi zake za kukaanga, nami nikamkatia chapati zangu. Alipenda kunipiga bega na kuniita "fundi", neno nililomfundisha mwenyewe.

Siku yenyewe ilikuwa ya kiangazi, baada ya chakula. Nilikuwa nikikata kwa kamba kwenye makaburi mapya. Nilipogeuka nikamuona shemegi amekaa juu ya ukingo wa kaburi, strima yake kaipakata, kichwa cha kamba kakitupa kwenye majani, na kile kisu cha chuma yuko katika kukifunga. Nilizima mashine yangu nikamwendea. Nati aliyokuwa akiikaza ilikuwa ikiingia kwa vidole, kwa ulaini kabisa. Aliitoa kwenye kopo la nati kuukuu, zile nilizokuwa nikizikusanya nizitupe.

Nikamwambia, "Shemegi, hiyo nati si nzima. Na kinga yake iko garini. Ngoja nikuletee vyote viwili."

"Wewe na mashine zako! Kichaka chenyewe kile pale. Nakipiga mara moja namaliza."

"Ngoja tu. Nakwenda mbio."

"Haya nenda," akasema, na mimi nikaelewa kwamba atangoja.

Gari lilikuwa getini, mbali kidogo. Nilichukua kinga, nikatafuta nati mpya kwenye kisanduku changu, na nilikuwa njiani kurudi niliposikia strima ikinguruma kwa nguvu zote, kisha chuma kikagonga chuma, kisha ukelele. Ndani ya kile kichaka kulikuwa na wigo wa chuma wa kaburi la zamani, umefunikwa na miba hauonekani. Kisu kiliugonga, nati ikaachia, na kisu kikaruka chini chini kama sahani iliyotupwa, kikampata Mghana chini ya goti. Alikuwa amepita kuchukua reki.

Nilimkuta amekaa chini anautazama mguu wake kama si wake. Nilivua mkanda wa mabegani wa strima yangu nikamfunga paja, nikaukaza kwa nguvu, huku nikimsemesha Kiswahili kwa sababu sikuwa na kingine. Shemegi alisimama tu, mashine bado iko mkononi mwake, imezimwa. Msimamizi alifika akikimbia na simu sikioni. Alinitazama mimi, akatazama kinga niliyoiangusha pembeni yangu, mpya, safi, haijafungwa popote. Wakati ule sikuelewa alichokiona. Aliona fundi wa mashine amekaa na kinga ambayo ilipaswa iwe kwenye mashine.

Ambalensi ilipokwisha kuondoka, tuliitwa kwenye kiofisi cha makaburini, mimi, shemegi na msimamizi. Msimamizi alisema taratibu akinitazama usoni.

"Anataka kujua ilikuwaje," shemegi akaniambia.

Nilieleza yote. Kwamba nilimkuta anafunga kisu, kwamba nilimwambia nati imekwisha, kwamba nilikwenda kuchukua kinga. Nilieleza bila ya ukali, kwa sababu nilidhani anayeyatafsiri ni mtu aliyekubali kosa lake, na nilitaka kumpunguzia. Nikaongeza hata kwamba kichaka kilificha chuma, mtu yeyote asingekiona.

Maneno yangu yalikuwa marefu. Yake yalikuwa mafupi. Ndani yake nilisikia "sori", neno ambalo kila mgeni London analijua siku ya kwanza. Nikadhani anaomba radhi kwa ajili yake mwenyewe.

Msimamizi akaniuliza kitu, polepole.

"Anauliza kama ndivyo ilivyokuwa," shemegi akasema. Alikuwa akiangalia dirisha. "Muitikie."

"Yes," nikasema. Hilo pia nilikuwa nalijua.

Msimamizi akatikisa kichwa, si kwa hasira, kwa masikitiko. Tulipotoka nje shemegi akanishika mkono. "Wamesema upumzike nyumbani kwanza mpaka wamalize uchunguzi. Ni kawaida ya hapa. Usiwe na wasiwasi."

"Na wewe?"

"Mimi lazima nibaki, watu wamepungua."

Nikakaa nyumbani. Na kila Jumapili shemegi alikuja. Alikuja na kuku aliyechinjwa, na biskuti za watoto, akakaa kwenye kochi langu akamrusha mtoto wangu mdogo juu mpaka akalia kwa kicheko. Mimi nilimuuliza khabari za uchunguzi, akaniambia bado, hawa Wazungu mambo yao ni ya polepole. Nilimuuliza khabari za Mghana, akaniambia anaendelea vizuri, ila hospitali hawataki wageni. Mke wangu alimpikia mchuzi wa nazi aupendao. Alikula kwetu kwa utulivu kabisa, na hilo ndilo jambo ambalo mpaka leo sijaweza kulieleza.

Ni mke wangu aliyesema twende hospitali hata kama hawataki wageni, watuzuie mlangoni. Yeye alikuwa akihudhuria darasa la Kiingereza tangu tulipofika na kazi yake ilikuwa ya kutunza wazee, kwa hiyo aliweza kuzungumza. Hakuna aliyetuzuia. Tulimkuta Mghana kakaa kitandani, mguu umenyanyuliwa juu ya mto, kofia yake ya sufu kichwani. Niliposogea kumpiga bega aligeuza uso ukutani.

Nikadhani ana maumivu. Mke wangu akamsalimia kwa Kiingereza. Akajibu maneno mawili matatu bila ya kugeuka. Kisha akageuka, na akazungumza kwa muda, macho yake kwangu. Sijawahi kutazamwa vile. Mke wangu alianza kumjibu akasita.

"Anasemaje?" nikamuuliza.

"Ngoja."

"Anasemaje?"

"Anasema... Anauliza kwa nini ulikifunga kisu na nati mbovu, na wewe ndiye unayejua. Anasema asingeamini, lakini msimamizi amemwambia umekiri mwenyewe. Kwamba wewe ulikifunga asubuhi, ukasahau kinga, na ukaomba radhi."

"Mimi sikusema hivyo. Mwambie sikusema hivyo. Nilisema kaka yako ndiye..." Hapo nikanyamaza, kwa sababu niliona uso wa mke wangu. Alikuwa ameshaelewa kabla yangu.

Alimwambia Mghana yote, kwa Kiingereza chake cha darasani. Alisimama kila baada ya sentensi kutafuta neno. Mghana alimsikiliza mpaka mwisho, akauliza swali moja tu.

"Anasema, basi kwa nini uliitikia?"

Tuliondoka tumemwachia matunda kando ya kitanda. Sidhani kama aliyala.

Ndani ya basi mke wangu alitazama nje mpaka tulipofika Wembley, na tuliposhuka hakuelekea kwetu. Alielekea kwa kaka yake, nami nikamfuata.

Shemegi alifungua mlango akicheka, akaona nyuso zetu, akaacha. Alitukaribisha sebuleni. Mkewe alikuwa kazini. Mke wangu hakukaa.

"Kaka, ulimwambia msimamizi nini?"

Alijaribu kwanza kusema kwamba Kiingereza kina namna zake, kwamba maneno yanageuka. Mke wangu alimkatiza kwa Kiingereza, sentensi moja nisiyoielewa, na shemegi akakaa chini.

"Nilikuwa nimeshapewa onyo la barua," akasema akinitazama mimi. "Kwa ajili ya haraka zangu. Jengine moja ningefukuzwa. Wewe ni mgeni, nilijua watakuonea huruma, watasema hajui lugha. Nilidhani watakuonya tu."

"Hukuniuliza," nikasema.

"Hakukuwa na wakati wa kukuuliza."

"Tulikuwa na Jumapili zote zile."

Aliinamisha kichwa. Nilikuwa nimejiandaa kwa ukali, lakini kilichonijia ni aibu, kama kwamba mimi ndiye niliyemfumania katika hali isiyofaa. Nilimwambia sitaki kitu kwake isipokuwa kimoja, aende akamwambie msimamizi kwa mdomo wake, kisha aende akamwambie Mghana. Akasema atakwenda Jumatatu. Aliapa kwa mama yao.

Hakwenda. Jumatatu ilipita, ikapita na nyengine, kisha akanipigia simu kuniambia kampuni imeamua kuniachisha. Alisema "wameamua", kama kwamba ni watu asiowajua. Mke wangu akavaa koti akanichukua mpaka kiofisi kile cha makaburini. Msimamizi alitusikiliza kwa adabu. Mwisho akamwambia mke wangu kwamba anasikitika, lakini swali aliniuliza mimi mwenyewe, hapa hapa, na nilimjibu yes, na kinga aliiona kwa macho yake pembeni yangu. Sikumlaumu. Kwa aliyoyasikia na kuyaona, hata mimi ningejihukumu.

Kiangazi kilichofuata shemegi alipewa ile nafasi ya usimamizi. Tulizisikia khabari hizo kwa watu.

Mimi nilipata kazi Kingsbury, kwa mzee wa Kihindi aliyezaliwa Tanga na kukulia huko, mwenye duka la kutengeneza mashine za bustani. Alinisikia sokoni nikizungumza Kiswahili na watoto wangu nao wakinijibu Kiingereza, akanisimamisha. "Bwana, wewe wa wapi?" Nilipomwambia nilikuwa fundi alinipeleka nyuma ya duka akanionesha strima zilizorundikana mpaka dari. Nikafanya kazi kwake miaka mingi, kwa amani. Nilihudhuria darasa la Kiingereza jioni na sikukosa hata wakati wa mvua. Watu walidhani napenda masomo. Sikuyapenda. Sikutaka tena mtu mwengine anisemee.

Shemegi hatukumtembelea. Mama mkwe alikuwa akipiga simu kutoka Pemba na kulia, anauliza wanawe wana nini. Mke wangu hakumwambia. Alisema hataki mama yake afe na jambo hilo kifuani, na kweli mama alifariki bila ya kulijua.

Khitima ilisomwa Wembley, nyumbani kwa shemegi, kwani yeye ndiye mkubwa. Hatukuweza kutokwenda. Wanaume tulijaa sebuleni, wanawake chumba cha pili, mlango uko wazi kati yetu. Tulipomaliza kusoma, huku pilau likipakuliwa, shemegi alinishika bega mbele ya wazee waliotoka mbali. Akasema kwa sauti ya ukarimu, "Huyu shemegi yangu ni fundi mkubwa. Nilimtia kazini mimi mwenyewe. Ilitokea ajali ya bahati mbaya, alikosea kidogo, lakini tulisaidiana, yakaisha."

Sijui kwa nini alilisema. Pengine alikuwa amelisema mara nyingi kwa watu wengine mpaka likawa kweli kwake. Nilihisi damu imenipanda, lakini kilikuwa kisomo cha mama yao, nikanyamaza.

Mke wangu hakunyamaza. Alisimama mlangoni na sahani ya kachumbari mkononi.

"Kaka," akasema, "hebu waambie kwa Kiswahili ulichokisema kwa Kiingereza."

Mzee mmoja akasema, "Mwanangu, leo si siku yake." Mke wangu akamjibu kwa heshima, "Amelianza yeye, ami." Akabaki pale pale. Hakulia wala hakupandisha sauti.

Shemegi aliniangalia. Nadhani alingoja nimuokoe, niseme basi yaishe, kama nilivyomsaidia siku ile kwa kueleza kwamba chuma kilikuwa kimefichika. Nililiangalia zulia.

"Kisu nilikifunga mimi," akasema hatimaye. "Yeye alinikataza. Nilipotafsiri, nilisema ni yeye."

Kisha mtu akaomba maji, sahani zikaanza kupita, na wazee wakarudi kuzungumza khabari za marehemu. Mzee aliyekaa karibu yangu alinipakulia nyama kutoka sahani yake bila ya kunitazama.

Nilikuwa nimeyangoja maneno yale kwa miaka. Yalipokuja nilisikia kwamba yamechelewa. Waliopaswa kuyasikia walikuwa wawili, na hawakuwamo chumbani. Msimamizi alikuwa amestaafu akahamia mji mwengine. Mghana alikuwa amerudi kwao Kumasi, anatembea kwa mkongojo, hivyo niliambiwa na mtu wa kanisani kwake niliyemtafuta mimi mwenyewe. Nilimpa mtu yule ujumbe, nikauandaa kwa Kiingereza changu na kuurudia mbele yake mpaka nikahakikisha ameushika. Hakuna jibu lililorudi. Yumkini ulifika, yumkini haukufika.

Na shemegi tunasalimiana. Idi anakuja na watoto wake, anakaa kidogo, anaondoka. Mke wangu humpa chai na humuuliza hali. Mimi humjibu akiniuliza. Mara moja aliniambia mlangoni, akivaa viatu, "Najua hujanisamehe." Nilitaka kumwambia nimemsamehe, kwa kuwa ni neno jepesi kutamkwa na lingemfurahisha. Nikamwambia, "Barabara ina barafu, angalia usianguke," nikafunga mlango baada ya kumuona amefika kwenye gari lake.